Muulize Bwana Samaki: Gayogayo, Macho Mawili Ubavu Mmoja

Toleo lililopita nilijibu swali kuhusu kamba, na katikati ya jibu nikamtaja gayogayo kwa sentensi moja tu: kwamba huingia wavu mmoja na kamba kwa sababu wote hulala kwenye tope. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko kamba wenyewe, na nimefurahi kweli. Samaki huyu nampenda tangu nilipokuwa kijana mpya katika kazi ya uvuvi, na miaka yote hiyo namwona akidharauliwa sokoni, anasukumiwa pembeni ya meza pamoja na hongwe na vipande vya taa. Safari hii ukurasa wote ni wake.

*Shikamoo Bwana Samaki. Mwanangu wa darasa la tatu alikwenda pwani na wenzake maji yalipokupwa, hapa Pangani upande wa Bweni. Akarudi na samaki bapa, juu ana rangi ya mchanga, chini mweupe. Macho yote mawili yako upande mmoja na mdomo umekwenda kombo. Mama mkwe wangu akasema huyo ni kilema, asiingie jikoni. Mtoto analia, anasema ndivyo alivyoumbwa. Nani mkweli?*
*Mama wa mtoto, Pangani*

Marahaba mama. Mwanao ni mkweli, lakini mama mkwe naye usimnyamazishe, maana ameona jambo ambalo wataalamu wameliumizia vichwa kwa zaidi ya miaka mia. Samaki huyo ni gayogayo, wengine humwita wayo. Hana kilema. Ila hakuanguliwa hivyo.

Yai la gayogayo huelea majini. Kifaranga akitoka huogelea wima, jicho moja kulia na jingine kushoto, sawa na kifaranga wa changu au wa mkizi. Ukimwona wakati huo hutamtambua. Zikipita wiki chache, kwa aina nyingi akiwa na urefu wa sentimita moja au mbili tu, homoni za tezi ya koo zinaanza kazi. Ni homoni za jamii ileile inayomgeuza kiluwiluwi kuwa chura. Jicho moja linaanza kuhama. Linapanda shavuni, linavuka utosi, linashuka upande wa pili mpaka linakaa jirani na mwenzake. Mifupa ya kichwa inajipinda kulifuata, na taya nalo linapinda, kwa aina fulani sana, kwa nyingine kidogo. Huku hayo yakiendelea, kifaranga anaanza kuogelea kiubavuubavu, kisha anashuka chini na kulala. Upande ulioachwa na jicho ndio unaogusa mchanga, nao hubaki mweupe. Upande wa juu unapata rangi.

Kwa hiyo, mama, ukimtazama usiseme ule wa juu ni mgongo na ule wa chini ni tumbo. Zote mbili ni mbavu. Samaki huyu amelala ubavu maisha yake yote. Taa ndiye aliyelala kifudifudi, na hapo ndipo watu wanapowachanganya. Mgeuze taa: mdomo na matundu ya mashavu viko chini. Gayogayo ana shavu la kupumulia kila upande, pezi la mgongo limefuata ukingo mmoja wa mwili karibu wote, na pezi la nyuma ya tumbo limefuata ukingo wa pili.

Mtoto akirudi na mwingine, mpe kazi hii. Amlaze kwenye sinia macho yakitazama juu, kisha auzungushe upande wa tumbo umwelekee yeye. Upande wa tumbo ataujua kwa koo na vijipezi vidogo vilivyo chini yake. Sasa atazame kichwa. Kikielekea mkono wake wa kushoto, macho yamekaa ubavu wa kushoto. Kikielekea kulia, ni wa kulia. Wengi wa hapo mtoni Pangani, wale wenye meno marefu ya mbele, ni wa kushoto. Kitabuni wanaitwa *Pseudorhombus arsius*. Hufika hata sentimita 45, lakini wa kawaida ni wa 30 hivi, na wadogo wao hupenda midomo ya mito ambako maji ni ya chumvichumvi. Wale wembamba wa kidomo kidogo kilichopinda, jamii ya soli, ni wa kulia. Na yuko mmoja ambaye ukikusanya kumi utapata wa kulia na wa kushoto humohumo: *Psettodes erumei*, mnene, mdomo mkubwa umejaa meno.

Huyu wa mwisho nataka niseme neno zaidi juu yake. Mwaka 1871 msomi mmoja wa Uingereza, St. George Mivart, alimbana Charles Darwin, aliyefundisha kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi, kwa swali zuri: ikiwa jicho lilihama kidogo kidogo vizazi na vizazi, jicho lililofika nusu ya njia lilimfaa nini mwenyewe? Darwin alijibu katika toleo la mwaka uliofuata la kitabu chake, lakini ushahidi wa mkononi hakuwa nao. Ulikuja mwaka 2008, pale mtaalamu Matt Friedman alipochunguza mabaki ya samaki waliogeuka mawe huko Bolca, Italia, wenye umri wa miaka milioni 50 hivi. Jicho moja lilikuwa limepanda, lakini halijavuka utosi. Walikuwa samaki wazima, walioishi na kukua hivyohivyo. Wewe huna haja ya kwenda Italia. Nenda soko lolote kubwa la pwani, muulizie *Psettodes*, mtazame kichwa. Jicho lake la juu limekaa ukingoni, palepale kwenye utosi, na pezi la mgongo linaanzia nyuma ya macho badala ya kupita juu yake. Nimewashikisha wanafunzi wengi samaki huyo, na kila mara kuna mmoja anayemwinua mpaka puani akitafuta mahali jicho lilipopita.

Mpike mama. Mpe mtoto kipande cha kwanza.

*Assalaam alaykum. Tuko Muscat, tunanunua samaki soko la Mutrah. Huku samaki bapa wanaitwa samaki wa Musa. Bibi yetu, mzaliwa wa Unguja, alitusimulia kuwa Nabii Musa alipoipasua bahari, samaki huyu alikuwa katikati akakatika nusu, ndiyo maana upande mmoja hauna rangi. Je, jambo hili lina asili?*
*Wajukuu wa Unguja, Muscat*

Wa alaykum salaam wanangu. Simulizi ya bibi yenu inasimuliwa mpaka pwani za Bahari ya Shamu, na jina la samaki wa Musa limeenea katika nchi nyingi zinazosema Kiarabu. Ndani ya Qur'ani, Sura ya al-Kahf, kuna kisa cha Nabii Musa na kijana wake waliosahau samaki wao pale zinapokutana bahari mbili, naye akashika njia yake baharini. Aya hazikutaja ni samaki wa aina gani. Walioongeza ni wasafiri na wasimulizi. Abu Hamid al-Gharnati, mtu wa Andalusia wa karne ya 12, aliandika kwamba karibu na Sabta, kule mlango wa Bahari ya Kati, yuko samaki wa kizazi cha yule wa Nabii Musa, aliyeliwa nusu: upande mmoja una nyama, wa pili ngozi nyembamba, na kichwa ni nusu. Ukisoma maelezo hayo unamwona gayogayo mbele yako. Yule mzee alikuwa na macho makali.

Mimi nasema la kwangu kama bwana samaki tu. Huyu si nusu. Mkimpasua mtakuta nyama pande zote mbili za mfupa, mashavu mawili, moyo, ini, kila kitu. Upande mweupe nyama yake ni nyembamba kidogo, basi. Kisa cha bibi kiendelee kusimuliwa. Watoto waliosikia kisa hicho ndio wanaomgeuza samaki kutazama upande wa pili, na mimi siombi zaidi ya hapo.

*Bwana Samaki, mimi ni mvuvi wa Mtwapa. Majuzi nilinasa wayo mwenye madoadoa, nikamtia kwenye ndoo ya maji pamoja na samaki wadogo wa chambo. Nilipomshika ukingoni akatoa maziwa. Vidole vikaanza kunikaza na kuwasha. Kurudi kwenye ndoo, chambo wote wamekufa. Huyu ni samaki au ni jini?*
*Mvuvi, Mtwapa*

Ni samaki, ndugu yangu, na una bahati kumwona. Kwa maelezo yako huyo ni *Pardachirus marmoratus*, soli wa Bahari ya Shamu na upande wetu huu wa Bahari ya Hindi mpaka Afrika Kusini. Ni mdogo, hazidi sana sentimita 25, macho ubavu wa kulia, na ukimtazama vizuri utaona hana mapezi ya ubavuni. Kwenye mizizi ya mapezi ya mgongo na ya nyuma ya tumbo kuna mstari wa vitundu vidogo. Humo ndimo maziwa yanamotoka.

Miaka ya 1970 mtaalamu wa papa wa Marekani, Eugenie Clark, alimfanyia uchunguzi huko Bahari ya Shamu. Yeye naye alisikia vidole vikimkaza. Akamtia samaki huyo kwenye tangi la papa. Papa akaja na mdomo wazi, akamfikia, akasimama mdomo umeachama, hawezi kuufunga, akakimbia akitikisa kichwa. Sumu yenyewe imepewa jina pardaksini, nayo huharibu mashavu ya samaki. Ndicho kilichowaua chambo wako.

Ushauri wangu ni mfupi. Ukimpata tena, usimbane, usimtie ndoo moja na wengine, usipeleke mkono machoni kabla ya kunawa, na usimpeleke sokoni. Mrudishe akiwa hai. Wayo wengine wa wavu wako hawana mambo hayo, kula bila wasiwasi.

*Shikamoo mzee. Mimi na kaka zangu tunavua kwa mkuki na mshipi huku Kilwa Masoko. Gayogayo tunawakanyaga tu, wakishaponyoka hatuwaoni tena hata maji yakiwa meupe. Wanajifichaje? Na tuwatafute vipi?*
*Kijana wa Kilwa*

Marahaba kijana. Huwaoni kwa sababu wanaitazama sakafu ya bahari na kuivaa. Katika ngozi ya upande wa juu kuna chembe za rangi zinazotanuka na kunywea, na macho ndiyo yanayoziamuru. Jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lilitumia gayogayo wa jamii ya *Bothus* waliolazwa juu ya michoro ya madoa na ya drafti. Walibadilika kufanana na mchoro ndani ya sekunde 2 hadi 8. Ndugu zao tunao hapa kwetu kwenye michanga ya karibu na miamba, wale wenye pete za buluu. Akishamaliza rangi, anatikisa mapezi ya ukingoni mara mbili tatu, mchanga unaruka na kumwangukia, anabaki macho tu. Macho hayo yamenyanyuka juu ya kichwa na kila moja linazunguka kivyake, moja likikutazama wewe, jingine likitazama kamba anayepita.

Basi usitafute samaki. Tafuta macho. Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yameanza kupwa, uso wa bahari umetulia na jua liko nyuma yako. Shika vijito vinavyobaki kati ya mikoko na mchanga, hasa pale mchanga safi unapokutana na tope. Kwenye vijito hivyo maji yanapotoka hubeba kamba na visamaki, naye gayogayo anajua, analala mdomoni mwa kijito akiwasubiri. Utaona doti mbili nyeusi zilizokaribiana, na ukizoea utaanza kuona mstari hafifu wa umbo la yai. Ukiona umbo hilo limebonyea halafu ni tupu, kuna aliyelala hapo karibuni, na pengine hajaenda mbali. Usiku kwa kumulika ni rahisi zaidi, mradi hakuna upepo wa kuvunja uso wa maji. Mkuki upige nyuma kidogo ya kichwa. Kwa mshipi, tumia ndoana ndogo na kamba mzima au ukanda wa ngisi, risasi iguse chini, kisha uvute polepole chambo kikisugua mchanga. Kikisimama hakitaki. Kikitembea anakirukia.

Halafu la muhimu kuliko yote. Hapo anapolala gayogayo ndipo anapolala taa mwenye mwiba. Usinyanyue mguu na kuukanyagia chini. Ukokote, taa asikie unakuja aondoke mwenyewe. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 mpaka 90, mwenzako akipima joto kwa mkono wake maana mguu wako wakati huo hauwezi kupima. Kisha hospitali, kipande cha mwiba kisibaki ndani. Akichoma tumbo au kifua, usichomoe mwiba, nenda hospitali moja kwa moja.

Kule kusini-magharibi mwa Skotlandi, kijiji cha Palnackie, wamewahi kufanya mashindano ya kuwanasa jamaa wa gayogayo kwa nyayo tupu, mtu anatembea kwenye tope mpaka asikie kitu kinatapatapa chini ya mguu. Watoto wa Kilwa wangewashinda wote, lakini maji yale ni ya baridi kweli.

*Bwana Samaki, naandika kutoka Mwanza. Je, Ziwa Victoria lina gayogayo? Na ni kweli alionekana chini kabisa ya bahari yenye kina kuliko zote?*
*Mwanafunzi, Mwanza*

Ziwa Victoria hayumo, wala Tanganyika, wala Nyasa. Duniani wako wachache waliohamia maji baridi moja kwa moja, katika mito ya Amazon na Mekong. Wengine huja mitoni kula na kukua tu. Wa Ulaya, *Platichthys flesus*, hupanda mito mbali, lakini hurudi baharini kutaga kwa sababu mayai yake yanahitaji chumvi ili yaelee. Kwenye Bahari ya Baltiki, ambako maji yana chumvi kidogo sana, kuna kundi linalotaga mayai yanayozama yakalala chini. Mwaka 2018 wataalamu walilitambua kuwa aina ya peke yake na kuliita *Platichthys solemdali*.

Kuhusu kina: tarehe 23 Januari 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka kwa chombo kiitwacho Trieste mpaka chini ya Challenger Deep, Bahari ya Pasifiki, karibu mita 11,000. Piccard alisema ameona samaki bapa amelala. Wataalamu wengi hawakubali, kwa kuwa mgandamizo wa maji huko ni mkubwa mno kwa mwili wa samaki. Samaki wa kina kirefu zaidi kuwahi kupigwa picha alikuwa mita 8,336, karibu na Japani, naye si gayogayo. Wengi wanadhani Piccard aliona jongoo bahari. Mimi pia naona hivyo.

*Dada yako wa Temeke hapa. Nilinunua gayogayo soko la Feri, nikamkaanga kama ninavyokaanga changu, akavunjikavunjika wote kwenye karai. Nimekosea wapi?*
*Mpishi wa Temeke*

Dada yangu, nyama yake ni laini, haina uvumilivu wa changu. Kwanza chagua vizuri: macho yawe yametuna, mashavu mekundu, na upande mweupe uwe mweupe kweli, usiwe wa njano. Akiwa mnene mpare magamba pande zote mbili, mpasue kidogo nyuma ya kichwa tu, maana tumbo lake ni dogo na lote liko pale. Akiwa soli, yule mwembamba, mchune: kata ngozi kidogo mkiani, tia chumvi vidoleni zisiteleze, shika ngozi vuta kuelekea kichwani. Inatoka nzima.

Chanja mistari miwili mitatu, tia chumvi, ndimu, kitunguu thomu na pilipili manga, lakini usimwache ndani ya ndimu muda mrefu, atalegea. Mkaushe kwa kitambaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamtia karaini angali na maji. Mpake unga wa ngano kidogo sana. Mafuta yawe ya moto hasa, tanguliza upande wa rangi, usimguse mpaka ukingo ubadilike kuwa wa dhahabu, kisha mgeuze mara moja tu kwa vijiko viwili. Mkubwa usimkaange mzima. Pitisha kisu katikati kufuata mfupa, toa minofu miwili juu na miwili chini, mfupa na kichwa vichemshe kwa nyanya na kitunguu, chuja, malizia kwa tui zito. Minofu itie mwishoni kabisa, ikibadilika rangi ondoa motoni. Miiba midogo hana, ndiyo maana nawashauri wenye wazee na watoto nyumbani.

*Shikamoo Bwana Samaki. Natoka Kibiti, kwenye delta ya Rufiji. Marehemu baba alikuwa akirudi na gayogayo wa kujaza sinia. Siku hizi tunapata wa kiganja. Wengine wanasema bahari imechoka. Wewe unasemaje?*
*Mwanachama wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi), Kibiti*

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nitakujibu kwa urefu, maana ukiniuliza habari za gayogayo umeniuliza habari za tope, na tope ndilo lenu.

Bahari haichoki hivihivi. Gayogayo mkubwa unaweza kumkuta nje, mita 20 au 50 chini, lakini utoto wake huupitia ndani: kwenye vijito vya mikoko, kwenye tambarare za tope, maji ya chumvichumvi, mahali penye vikamba vidogo na kivuli cha mizizi. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo kitalu kilipo. Ukipunguza kitalu, hata nje pawe na amani kiasi gani, sinia halitajaa.

Lililokuwa wazi kwa kila mtu zamani ni meli za kamba. Nilipanda moja kwa kazi ya ukaguzi. Wavu ukapandishwa, ukafunguliwa, rundo likamwagika sitaha. Vijana wakapiga magoti kuchambua kamba. Kilichobaki kilikuwa kingi mara kadhaa kuliko kamba wenyewe: hongwe, kaa, chaa, na gayogayo wadogo wengi, urefu wa kidole, macho yao bado yanazunguka. Wakasukumwa baharini kwa koleo. Waliokuwa hai walikuwa wachache. Uvuvi huo wa meli ulisimamishwa Tanzania mwaka 2008, na nilishukuru Mungu.

Lakini tope halikupona kwa hilo peke yake. Kaskazini mwa delta mikoko imefyekwa kwa mashamba ya mpunga. Najua mkulima hafyeki kwa furaha, anatafuta chakula, na mpunga wa pale ni mtamu. Lakini baada ya misimu michache chumvi na magugu humshinda, anahamia kipande kingine, na mkoko hauoti upya kwa haraka. Halafu kuna juya la kukokota na vyandarua. Chandarua kinapovutwa kwenye kijito kinachukua kifaranga ambaye jicho lake limetoka kuhama wiki hiyo. Anaanikwa pamoja na uduvi, na hakuna anayejua kuwa alikuwa gayogayo. Mimi nimewatoa kwenye matandiko ya uduvi, nikawapanga kwenye karatasi nyeupe na kuwaonyesha akina mama waliovua. Walinyamaza, kisha mmoja akauliza mkubwa wao anafika kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Hawakuhitaji hotuba.

Na mto wenyewe. Delta hujengwa na tope linaloshushwa na maji ya juu, na bwawa lolote huzuia sehemu ya tope hilo. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Taifa linahitaji umeme, sipingi. Ninachowaomba nyinyi mlio chini ni kuandika mnachokiona: chumvi inapanda mpaka kijito gani, tambarare ipi inaliwa na maji, gayogayo wadogo wanaonekana mwezi gani na wapi. Ofisini hakuna mtu anayekaa kwenye kijito kila siku. Ninyi mnakaa.

Sasa la kufanya. Songosongo na baadhi ya vijiji vya Pemba wamekuwa wakifunga miamba ya pweza kwa muda, miezi mitatu hivi, kisha wanafungua kwa pamoja na kuvua wakubwa. Delta si mwamba, na gayogayo si pweza, hukua polepole zaidi. Lakini kijito kimoja au viwili vya mikoko mnaweza kuvifunga dhidi ya juya na chandarua mwaka mzima, mkaacha mshipi na mkuki. Chagueni vile ambavyo wazee wanavijua kwa vifaranga, si vile ambavyo hakuna anayevua. Waiteni akina mama wa uduvi kikaoni tangu siku ya kwanza, kwa sababu wao ndio wanaojua kijito gani kina nini, na wao ndio watakaopoteza kipato wa kwanza. Kubalianeni nao watavua wapi badala yake kabla hamjaandika sheria yoyote. Sheria ndogo hiyo ipitie serikali ya kijiji na afisa uvuvi wa wilaya ili iwe na nguvu.

Majina ya vijito mtakavyochagua, na ya mzee aliyewaonyesha, yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Nakala moja ipelekeni wilayani, nyingine nitumieni mimi kupitia gazeti hili, nami nikipata usafiri nitakuja na wavu mdogo wa kuhesabia vifaranga tuanze hesabu pamoja kabla hamjafunga.